Kibao kimoja, sheria moja: parki si ya wenye jeep peke yao

Vijana wenzetu, wananchi,

Kuna kibao kila mtu wa Kivu anakijua, hata kama hajawahi kukisoma: hapa ni parki, usiingie. Kibao hicho kinasimamisha mama mwenye jembe. Kinasimamisha kijana wa chukudu mwenye gunia la makala. Lakini akija mkubwa na karatasi kutoka Kinshasa, kibao kinageuka kuwa ubao tu. Ugomvi wetu uko hapo.

Tuseme wazi, juu kuna watu watapenda kutugeuzia maneno: sisi hatupingi parki. Virunga iliundwa 1925, wakati wa mkoloni, ikiitwa Parki Albert. Tangu 1979 iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, na tangu 1994 iko kwenye liste ya urithi ulio hatarini. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa kwa kuilinda. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12 siku moja, pamoja na dereva na raia wanne. Walikuwa watoto wa nchi hii. Mwenye kutaka tukate parki vipande tugawane, asitutafute sisi.

Tunauliza tu: hiyo ardhi ni ya nani?

Sheria ya ardhi ya 1973 iko wazi. Udongo ni mali ya Serikali. Kipengele cha 55 kinasema ardhi ya umma ni ile iliyowekwa kwa matumizi au huduma ya watu wote. Ardhi hiyo haipewi mtu ikiwa haijaondolewa kwanza kwenye matumizi ya umma, kwa kufuata sheria. Soma tena: kwa kufuata sheria. Si kwa simu ya mkubwa. Si kwa bahasha.

Sisi wa mujini mchezo huo tunaujua. Uwanja wa mpira wa kartiye unalala uwanja, unaamka parseli. Ukuta umesimama, geti imefungwa, ukiuliza unaambiwa mwenye nyumba ana hati. Nani alibadilisha? Lini? Mbele ya nani? Kimya. Basi, kinachofanyika kwa uwanja wako, kinafanyika kwa parki pia, ila huko mchezo ni wa kilometa na kilometa.

Angalieni. Kampuni ya Uingereza, SOCO, ilipewa bloki ya petroli iliyoingia ndani ya Virunga. Mwaka 2014 ikafanya uchunguzi kwenye Ziwa Edouard, ziwa ambamo wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanafuatwa kila siku na masharti ya parki. Kumbe mvuvi mwenye nyavu mbaya anavunja sheria, na kampuni inayotafuta petroli ina kibali! Watu wakapiga kelele, hapa kwetu na duniani, mpaka kampuni ikaondoka.

Tukafikiri somo limeeleweka. Julai 2022, Serikali ikatangaza mnada wa bloki 27 za petroli na 3 za gesi, na baadhi ya bloki hizo zinagusa Virunga tena. Oktoba 2024 mnada wa petroli ukafutwa. Januari 2025 tukaletewa habari nzuri: Couloir vert, eneo la kulindwa kutoka Kivu mpaka Kinshasa, zaidi ya kilometa mraba 500,000. Tukapiga makofi. Miezi michache tu baadaye, mwaka ule ule, zikatangazwa bloki mpya 52 za petroli, na nyingine zinapita ndani ya hilo eneo la kulindwa. Ardhi moja, majina mawili! Mwananchi wa pale aheshimu jina gani?

Sasa tuongee juu ya jeep.

Kabla vita haijafunga njia, mgeni alilipa dola 400 kwenda kuona gorila. Jeep ilimchukua Goma, ikampandisha, ikamrudisha jioni. Hatuna wivu na mgeni. Pesa yake inasaidia kulipa walinzi, na karibu sana siku amani itarudi. Lakini jiulize, wewe kijana wa Majengo, wa Katindo, wa Ndosho: katika darasa lenu, wangapi waliwahi kuingia parki? Moshi wa Nyiragongo tunauona kutoka nyumbani, lava yake ilitufikia mpaka mlangoni 2002 na tena 2021, lakini parki yenyewe tunaijua kwa picha za wageni. Halafu mtu anashangaa eti vijana hawapendi parki. Utapendaje nyumba ambayo unaijua kwa geti tu?

Kuna wanaosema: gari la matembezi haliharibu kitu. Si kweli siku zote. Gari likitoka kwenye njia yake, linakanyaga majani, linafungua njia mpya. Na njia ikishafunguliwa haichagui mpita njia: leo anapita mtalii, kesho mwindaji, keshokutwa lori la makala. Kwa hiyo sharti la kubaki kwenye njia liwe la magari yote: la mtalii, la afisa, la kijeshi, la mtafuta petroli. Chukudu haiwezi kuwa ndiyo gari pekee linaloogopa sheria katika nchi hii. Goma mumeijengea sanamu ya dhahabu, lakini kijana anayeisukuma mnamtoza kila barriere.

Wengine watatuambia: nyinyi vijana, huu ni wakati wa vita, mambo ya parki yangoje. Tunajibu: hapana. Ni wakati wa vita ndipo ardhi inabadilishwa jina kimya kimya. Watu wamekimbia, chefu amekimbia, nani atauliza? Mtu akirudi kwao anakuta mpaka umehama. Mwenye silaha anakata miti anauza makala, mwenye kalamu anagawa bloki. Wote wawili wanakula ardhi ya umma, na tunawakataa wote wawili.

Kwa hiyo tunadai:

1. Ramani za parki na za bloki za petroli ziwekwe wazi, kwenye ofisi za eneo na kwenye intaneti. Zionyeshe wapi gari linapita, wapi moto, wapi miguu tu.

2. Hakuna ardhi ya umma kubadilishwa, iwe parki iwe uwanja wa kartiye, bila wananchi wa pale kuulizwa kwanza, kwa lugha wanayoielewa, mbele ya watu wote.

3. Bloki zote za petroli zinazogusa maeneo ya kulindwa zifutwe. Si kuahirishwa. Kufutwa.

4. Amani ikirudi, kila mwaka wanafunzi wa Congo waingie parki yao bila kulipa.

5. Wanaoishi mpakani wapate kuni na moto wa kupikia kwa njia halali. Huwezi kumkataza mtu makala na kumwacha na sufuria baridi.

Na wewe unayesoma, usingoje sisi. Ukiona ukuta unapanda kwenye uwanja wenu, nendeni wengi, bila fujo, bila jiwe, mpaka kwa chefu wa kartiye, mpaka kwa kadastre. Ulizeni swali moja tu: karatasi inayosema ardhi hii si ya umma tena iko wapi, na nani aliisaini? Andikeni jibu. Wakikosa jibu, andikeni pia. Halafu rudini kesho.

Ardhi ya wote haina mlango wa nyuma. Kibao kinachosimamisha chukudu, kisimamishe na jeep.