Zabuni za Halmashauri na Askari wa 1978

Tarehe 25 Julai ya kila mwaka ni Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa mnarani, tarumbeta hulia, na viongozi wetu husimama kimya kwa heshima ya waliokufa. Hayo ni mema, wala hatuna la kuyapunguza. Neno letu leo ni juu ya wale ambao hawakufa.

Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwezi Oktoba 1978 na kudai ya kuwa nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda, Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi, tarehe 2 Novemba, ya kwamba sababu ya kumpiga ipo, uwezo upo na nia ipo. Wananchi wakaitika. Jeshi lilikua hata likapita askari laki moja, na makumi ya maelfu kati yao walikuwa mgambo, watu waliotolewa mashambani na maofisini. Usukuma ulitoa vijana wake kama mikoa mingine ilivyotoa. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na vita vilipokwisha wengi wa mgambo hao walirudia majembe yao. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amekwisha kupita 65. Mgambo si askari wa ajira, na pensheni ya askari wa ajira si yake.

Mzee huyo, akiwa Kishapu au Kharumwa, ahitaji nini? Hahitaji hotuba. Ahitaji dawa ya shinikizo la damu, miwani, gongo au mguu wa bandia, na mtu wa kumfikisha hospitali siku ambayo miguu imekataa. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 tumesema habari ya matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Lakini matibabu ya bure penye rafu tupu ni maneno tu.

Basi twauliza: kwa nini zabuni za Serikali zisimsaidie? Sheria zetu za ununuzi wa umma zimekwisha kukubali ya kwamba fedha ya Serikali yaweza kununua bidhaa na haki kwa pamoja. Asilimia 30 ya manunuzi imetengwa kwa makundi maalum, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Askari mkongwe hakutajwa kwa jina lake. Anaweza kuingia kwa mlango wa wazee, ni kweli. Ila tangu 2023 mlango huo umo ndani ya mtambo wa NeST, na mzee asiye na simu ya maana atabisha hodi mpaka jua litue.

Wala asituambie mtu kuwa Serikali haiwezi kupendelea. Mwaka 2018 ulizinduliwa ukuta wa Mirerani wa kilomita 24.5, uliojengwa kwa mikono ya jeshi letu na vijana wa JKT kwa muda wa miezi michache. Palipokuwa na nia, njia ilionekana.

Marekani wamejiwekea lengo la kuwapa wenye biashara ndogo waliolemaa katika utumishi wa jeshi sehemu ya mikataba ya serikali kuu yao. Lilikuwa asilimia 3, na tangu 2024 ni asilimia 5. Sisi hatupendi kuiga jambo hilo jinsi lilivyo. Askari wetu wa 1978 si mwenye kampuni. Tukisema kampuni ya askari ipewe zabuni, kesho wajanja wa mjini watatafuta mzee mmoja Maswa, wamwekeshe dole gumba katika karatasi, wampe kanga ya mkewe na shilingi elfu kumi, kisha mkataba uwe wao. Kampuni za mfukoni tunazijua.

Upendeleo na umfuate atoaye huduma. Hospitali ya misheni kama ile ya Kolandoto, duka la dawa la Kahama, kikundi cha akina mama kinachouguza wazee majumbani, fundi wa Geita achongaye magongo: atakayeonyesha kwa daftari la kijiji ya kwamba amewahudumia askari wakongwe kadha wa kadha, apewe nafasi ya kwanza katika zabuni za halmashauri yake. Naye alipwe kwa wakati. Upendeleo wa mkataba ambao malipo yake hukaa mwaka mzima humwua mtoa huduma mdogo upesi kuliko kunyimwa mkataba.

Fedha je? Halmashauri za ukanda wa dhahabu haziwezi kujitetea kwa umaskini. Mgodi wa Geita umekuwa ukichimba tangu 2000. Bulyanhulu umo Msalala. Kampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma kwa kadiri ya mauzo, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017 mgodi hupanga pamoja na halmashauri misaada yake kwa jamii. Madarasa na visima vimejengwa kwa njia hiyo, nasi twasifu. Twaomba mstari mmoja zaidi katika mpango huo.

Kazi ya kwanza haina gharama kubwa. Watendaji wa vijiji waandike majina ya askari na mgambo wa vita vya Kagera walio hai, wenye hati na wasio na hati, mbele ya wazee wenzao wawezao kushuhudia. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Madiwani wa Shinyanga na Geita wayadai majina hayo kabla hawajapitisha makisio yajayo.