Ziwa si pazia la studio



Watu wakiandika juu ya desturi za arusi, wanaandika juu ya mali ya bibi, juu ya mashauri ya shangazi, juu ya namna jamaa mbili zinavyopokeana. Ni vema. Sisi leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo wazee wengi wanalihesabu kuwa la vijana tu: mahali pa kupigia foto za arusi. Sisi tunaoandika haya, wiki nzima tuko darasani na chaki mkononi, na Jumamosi tunachukua apareyi tunapiga foto za arusi hapa Kalemie. Kwa hiyo hatusemi mambo ya kusikia. Tunasema tuliyoyaona kwa macho yetu, na sehemu ya kosa ni yetu.

Jambo lenyewe ni hili. Siku hizi arusi bila plaji watu wanaiona kama haijatimia. Asubuhi komine, kisha kanisa, kisha saa 6 ya mchana msafara wa magari na honi unashuka ziwani. Bibi, bwana, wasindikizaji wawili watatu na fotografe. Wengine wote wanaenda kungoja mu uwanja ama mu sale. Wanangoja saa moja, saa mbili, saa tatu. Chakula kinapoa, watoto wanalia, wazee wanasinzia ku viti. Arusi wanarudi giza limekaribia, wamechoka, viatu vimejaa mchanga. Na sisi fotografe tunatoka jasho kwa furaha: tuko na foto mia mbili za watu wawili na maji.

Tutasimulia jambo moja, nalo halitupi sifa. Mu arusi moja, nkambo wa bibi alikuwa ametoka kijijini kwa safari ya siku mbili, juu ya mjukuu wake tu. Alifunga pemba ndani ya kitambaa apate kumpaka mtoto kwa baraka, kama desturi yake ilivyo. Aliketi chini ya mwembe akingoja. Sisi tulikuwa plaji. Tuliporudi, usiku ulikuwa umeingia, muziki unapiga, watu wanasukumana, na yule nkambo walikuwa wamekwisha kumpeleka kulala maana mgongo ulimuuma. Alimpaka mjukuu pemba kesho yake asubuhi, mu chumba, bila fotografe. Miezi michache mbele akafariki. Jamaa wakatujia: «Mwalimu, tunaomba foto ya kambo na mtoto siku ya arusi, tuiweke mu matanga.» Tukatafuta mu foto zote. Bibi na maji. Bwana na maji. Bibi na bwana na maji. Kiatu cha bibi ku mchanga. Kambo hayuko. Tulilipwa siku ile, na pesa tulikula, lakini kazi hatukuifanya.

Tangu siku hiyo tumekuwa tunauliza: ni nani aliyechagua plaji? Si baba, si mama, si shangazi. Mara nyingi ni simu. Kijana anatuonyesha foto iliyomfikia kwa WhatsApp: «Mwalimu, tunapenda jua liingie mu maji nyuma yetu, sawa hii.» Tunaangalia: ni Muanda, ama Kigoma, ama Bujumbura. Sasa tusikilizane, maana hapa inatosha jiografia ya shule ya msingi. Muanda bahari iko magharibi, jua linazama mu Atlantiki. Kigoma wanakaa ng'ambo ya mashariki ya ziwa Tanganyika. Jioni wakiangalia jua, wanaangalia milima ya kwetu. Lakini Kalemie iko ng'ambo ya magharibi. Kwetu jua linatoka mu maji asubuhi, na jioni linalala nyuma ya vilima. Wenzetu wa Uvira linawakimbia mapema zaidi, maana milima imesimama mgongoni kwao. Hata ukitulipa dola elfu moja, jua la Kalemie halitazama mu ziwa. Anayemwahidi bibi arusi foto ile, anamdanganya, ama ataitengeneza ku ordinateri, na hapo amemwoza mtu mbele ya jua la wengine.

Tena wanashuka saa 6 ya mchana. Kalemie iko karibu digri 6 tu kusini ya ikweta, saa hiyo jua linasimama juu ya kichwa. Paji la uso linang'aa, macho yanaingia mu kivuli kama mashimo, kivuli cha pua kinafika mdomoni. Maji nyuma yanametameta, apareyi inadhani nuru ni nyingi, inapunguza, na uso wa mtu mweusi unakuwa giza tupu. Ukifungua nuru upate uso, robe nyeupe inaungua, inakuwa kama karatasi, maua yote mama mshonaji aliyoyashona hayaonekani tena. Flashi inasaidia kidogo, haiondoi jasho. Halafu watu wanasema fotografe hajui. Anajua, lakini anaogopa kupoteza kazi, anasema ndiyo kwa kila kitu.

Kuna jambo la pili, nalo linatuuma zaidi. Ile plaji iko na wenyewe. Usiku wavuvi wanaenda na taa zao, asubuhi wanarudi na ndakala na mikebuka, na mchana wamama wanaanika ndakala ku mchanga na ku nyavu. Ile ni shamba lao. Ile ndakala ndiyo karo ya watoto tunaowafundisha. Tumesikia kwa masikio yetu msindikizaji mmoja mwenye miwani nyeusi akisema: «Fotografe, ondosha bale bamama na ndakala yabo, banaharibu foto.» Na tumeona wamama wanakusanya samaki iliyokuwa nusu kavu, bila neno, kwa heshima ya bibi arusi, watu wasiomjua. Hakuna aliyewasalimu. Hakuna aliyewapa hata soda. Desturi gani hiyo? Kwetu mtu akipitisha arusi mu uwanja wa jirani, anapiga hodi kwanza.

Na si ndakala tu. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lilipanda likaingia mu nyumba za watu wa pembeni. Jamaa zilihama na magodoro ku kichwa. Maji yalipopungua, mahali fulani palibaki kuta zimesimama peke yake. Tuliombwa kumsimamisha bibi mu mlango wa nyumba ya namna ile, maji yanamfika ku kifundo cha mguu, «juu inapendeza». Tulikataa. Ule mlango mtu aliujenga kwa franka za miaka mingi. Machozi ya mtu si mapambo ya arusi ya mwingine.

Tunajua watatujibu. Vijana watasema: «Arusi ni yetu wawili, foto ni yetu wawili.» Tunawaheshimu, lakini hawasemi kweli yote. Nani alitafuta mali? Nani aliketi usiku kujadiliana? Hata sheria ya nchi yetu, Code de la famille ya mwaka 1987, mu kifungu cha 361, inataka bwana na jamaa yake wapatane na wazazi wa bibi juu ya mali. Sheria inataja jamaa. Desturi inataja jamaa. Foto peke yake ndiyo imewafukuza jamaa. Na foto ndiyo itakayobaki. Miaka 20 mbele mtoto wenu atafungua albumu aulize: huyu ni nani, na huyu ni nani? Mutamwonyesha mawimbi?

Wazee nao watasema: «Ndiyo maana tulikataza plaji, ni mambo ya wazungu, ni mambo ya filme.» Hapa pia hatukubali. Ziwa si la wazungu. Mababu walilivuka kwa mitumbwi kabla ya meli ya kwanza kupiga honi, na samaki yake imetulea sote. Tena hata zamani foto za arusi hazikuwa takatifu: mu studio tulisimama mbele ya pazia lililochorwa minazi na ndege ya Ulaya, tukashika simu isiyo na waya. Tofauti ni kwamba pazia lile lilikuwa kitambaa, halikumfukuza mtu kazini, na baada ya dakika kumi tulirudi nyumbani. Kosa letu la leo ni kulifanya ziwa lenyewe pazia, kama vile halina watu, halina saa, halina njia.

Na wenzetu fotografe watasema: «Mwalimu, munatuharibia biashara; plaji ndiyo inalipa.» Tunajua njaa, nasi tuko nayo. Lakini foto iliyomwacha nkambo nje, siku moja jamaa watairudia kwa maneno machungu, na jina likiharibika mu mji mdogo, halinunuliki tena.

Basi hatusemi plaji ife. Tunasema ichaguliwe kwa akili na kwa heshima. Tunatoa maoni haya, kila jamaa iyapime.

Kwanza, uliza ni nani atafika, mbele ya kuuliza ni nini kitaonekana nyuma. Kama mzee wa fimbo na mama mwenye mimba hawawezi kushuka pale, hapo si mahali pa arusi. Ni mahali pa matembezi. Tafuta ufuko ambao gari linakaribia, mchanga ni mgumu, na kivuli kiko, hata cha mti mmoja, pa kuweka viti.

Pili, foto za jamaa zitangulie. Mara arusi wakitoka kanisani, mbele ya mtu yeyote kupanda gari, wazee wapigwe foto na watoto wao: nkambo, wazazi, baba wakubwa na wadogo, mashangazi, wajomba. Shangazi ama mtu mwingine anayejua majina ya jamaa asimame karibu na fotografe, aite mmoja mmoja. Kazi hii haipiti nusu saa.

Tatu, siku mbili mbele, fotografe na mtu mmoja wa jamaa waende kuona mahali, saa ileile ya arusi. Waangalie jua liko upande gani, maji yamefika wapi, uchafu uko ama hauko. Wakae mbali na mahali ambapo mto Lukuga unatoka mu ziwa, maana maji pale yanavuta, na mamba hana mwaliko. Kiangazi, toka mwezi wa 5 mpaka wa 9, ndipo arusi nyingi zinapangwa juu ya kuogopa mvua, lakini ndipo upepo wa kusini-mashariki unapiga. Velo ndefu itaruka, mawimbi yatafunika sauti. Chagua pembe yenye kilima ama miti ya kukinga upepo.

Nne, piga hodi kwa wenyewe. Salimia wavuvi, ongea na wamama wa ndakala, uliza wapi panawezekana. Usiondoshe samaki ya mtu. Na kama wamama wanakubali kupiga vigelegele mu foto, waingie! Tumejaribu, na foto ile imeshinda zote.

Tano, nenda saa 10 ya jioni, kaa dakika 40, rudi. Na wazee wanaopenda waje.

Juu ya hiyo saa 10 tunataka kumalizia, maana hapo ndipo kazi yetu ilitufundisha neno ambalo hatukulijua. Jioni, kule ambako jua linazama mu maji, ukiwasimamisha watu mbele ya maji nuru inakuwa nyuma yao. Unapata jua zuri jekundu, na watu wanakuwa vivuli vyeusi. Huwezi kujua ni nani. Kwetu Kalemie ni kinyume. Saa 10 na nusu jua linashuka upande wa vilima. Ukiwasimamisha watu, ziwa mgongoni, ile nuru ya jioni inawaangukia usoni, laini, ya rangi ya asali. Ziwa nyuma linakuwa bluu nzito. Unaona kila kitu: mikunjo ya uso wa mzee, pemba ku paji la bibi arusi, jino la mama mkwe anapocheka. Hatuna foto ya jua. Tuko na foto ya watu.

Ndugu zetu wa Muanda wabaki na jua lao, nalo ni zuri. Sisi ziwa letu limetupa nuru inayoonyesha nyuso. Tukishuka pale watu wawili peke yao, tunaitupa bure. Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Na vidole viwili, ndugu msomaji, havijazi foto ya arusi.

Wazazi, mukipanga arusi, mumuite fotografe ku kikao cha jamaa, mumpe orodha ya majina mbele ya kumpa avansi. Vijana, mukileta simu na foto ya mbali, mulete pia jina la nkambo na saa atakayofika. Na sisi fotografe, tukiitwa, tuulize kwanza: wazee wataketi wapi? Jibu likikosa, tuseme wazi kwamba foto bado haijawa tayari kupigwa.