Magari ya Waya na Mashindano ya Kubana Mafuta

Yapo mashindano ya magari ambamo mshindi haulizwi alikimbia kasi gani. Wanafunzi wa vyuo huunda gari lao wenyewe, hupewa mafuta kidogo yaliyopimwa kwa uangalifu, na ushindi humwendea yule ambaye gari lake limetumia machache kuliko yote kwa mwendo uleule. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mashindano ya namna hiyo yaweza kufanywa katika shule yoyote ya msingi ya wilaya za Tarime na Serengeti, pasipo injini wala tone la petroli, na kwamba mwanachuo atakayeyaongoza vizuri wakati wa mazoezi ya kufundisha atakuwa amefundisha sayansi na hisabati kwa njia ambayo ubao na chaki peke yake haviwezi.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1939, katika maabara ya kampuni ya Shell huko Wood River, jimbo la Illinois, Marekani, wafanyakazi waliwekeana dau juu ya nani angekwenda mbali zaidi kwa kiasi kilekile cha petroli. Mshindi alipata kama kilomita 21 kwa lita, kiasi ambacho pikipiki ndogo za bodaboda za siku hizi hukipita kwa mbali. Mwaka 1985 mashindano hayo yalianzishwa rasmi kwa wanafunzi nchini Ufaransa kwa jina la Shell Eco-marathon, yakaenea Ulaya, Amerika na Asia, na vyuo vikuu vya Nigeria navyo vimepeleka magari yao. Mwaka 2005, huko Ladoux, Ufaransa, gari liitwalo PAC-Car II, lililoundwa katika chuo kikuu cha ETH cha Zurich na kuendeshwa kwa hidrojeni, lilifikia kiwango cha kilomita 5,385 kwa nishati iliyo sawa na ile ya lita moja ya petroli. Ni kutoka Tarime hadi Dar es Salaam na kurudi, kisha kuianza safari upya. Msomaji atatabasamu kuona kwamba muuza mafuta ndiye anayewatuza watu kwa kutoyatumia. Nasi tumetabasamu, lakini hesabu iliyomo haipungui thamani kwa sababu hiyo.

Na hesabu hiyo ndiyo ya kwanza kumfaa mwalimu. Gari lile halikusafiri kilomita 5,385. Magari haya huzunguka uwanjani kilomita chache tu, kisha waamuzi hupima nishati iliyotumika na kukokotoa kiasi ambacho gari lingekwenda kwa lita nzima. Tuchukue mfano wetu wenyewe: gari limekwenda kilomita 16 na kutumia mililita 8. Lita moja ina mililita 1,000, yaani mafungu 125 ya mililita 8. Na 125 mara 16 ni 2,000. Basi ni kilomita 2,000 kwa lita. Mwanafunzi wa madarasa ya juu aliyezoea kuambiwa kwamba kalamu tano ni shilingi kadhaa, je, kalamu kumi na mbili ni shilingi ngapi, atakutana hapa na uwiano uleule, ila safari hii unajibu swali ambalo mtoto wa rika lake angependa kuliuliza mwenyewe. Bodaboda iliyojazwa lita mbili Tarime mjini itafika Nyamwaga na kurudi mara ngapi? Darasani hamkosi mtoto ambaye kaka yake anaijua hesabu hiyo kwa uzoefu, na amjuaye kaka huyo ataleta tarakimu za kweli.

Waundaji wa magari hayo hupambana na maadui watatu: uzito, msuguano na upepo. Dereva hulala chali ndani ya gombo jembamba lenye umbo la samaki. Magurudumu ni membamba kama ya baiskeli, nayo hujazwa upepo mpaka yakawa magumu, kwa kuwa gurudumu linalobonyea hula nguvu kila linapozunguka. Mwendo ni wa taratibu, yapata kilomita 25 kwa saa. Injini huwashwa kidogo, gari likishika mwendo huzimwa, na gari huachwa lijiserereshe lenyewe mpaka litakapokaribia kusimama. Katika miteremko ya Tarime wapo madereva wa bodaboda wazimao injini kwa nia hiyohiyo. Ni jambo la hatari katika barabara ya watu na hatulisifu hata kidogo, ila akili iliyomo ni ileile. Vivyo hivyo kwa mtu anayeteremka na baiskeli iliyobebeshwa mikungu ya ndizi: hakufundishwa msuguano na mtu, lakini ekseli yake imepakwa grisi.

Sasa tuje shuleni. Hakuna kijiji katika wilaya hizi mbili ambamo watoto hawajui kuunda gari la waya. Fremu ni waya au vijiti, magurudumu ni vizibo vya soda, vifuniko vya makopo au ndala kuukuu zilizokatwa mviringo, na ekseli ni spoki ya baiskeli. Watoto hawa wamekwisha kufanya majaribio mengi kuliko tunavyodhani. Wanajua kwamba gurudumu la ndala hushika njia vizuri lakini huchoka upesi kwenye tundu. Wanajua kwamba kizibo huzama mchangani. Wanajua kwamba tundu likiwa pana mno gurudumu huyumba. Hayo yote ni sayansi, ila haijapimwa. Na mara nyingi tumeona jinsi inavyopokelewa shuleni: mwalimu wa zamu huyakusanya magari asubuhi mlangoni, pamoja na manati, na kuyatupa nyuma ya ofisi. Twaelewa sababu zake; darasa la watoto themanini halihitaji vishawishi zaidi. Hata hivyo ni ajabu kwamba saa nne baadaye mwalimu yuleyule huchora gurudumu na ekseli ubaoni, akaeleza mashine sahili kwa watoto ambao mashine zao zimelala nyuma ya ofisi.

Njia tunayoipendekeza yahitaji manati zile pia. Kila kikundi cha watoto watano au sita huunda gari lake kwa vitu vya kuokota tu. Kila gari hubeba mzigo ulio sawa, mathalani robo kilo ya mchanga iliyopimwa kwenye mizani ya duka na kutiwa mfukoni. Vigingi viwili huchimbiwa chini, umbali wa sentimita 30 kati yake, na kufungiwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, usawa wa sehemu ya nyuma ya gari. Gari huegemezwa kwenye mpira, huvutwa nyuma mpaka kwenye mstari uliochorwa sentimita 20 kutoka kwenye vigingi, kisha huachiwa bila kusukumwa. Mpira huo ndio tangi la mafuta, na kwa kuwa ni mpira mmoja unaovutwa kiasi kimoja, kila kikundi kimepewa nishati ileile. Umbali hupimwa tangu kwenye vigingi hadi gurudumu la mbele liliposimama. Kila gari hurushwa mara tatu, na wastani ndio unaoandikwa.

Siku ya pili mwalimu aondoe vigingi, alaze ubao juu ya matofali matatu, na magari yaleyale yateremke toka juu ya ubao huo. Huenda mpangilio wa washindi ukabadilika, na gari zito lililoshika mkia jana likawa karibu na kinara. Hapa mwalimu anyamaze. Watoto watabishana, tena kwa Kikuria, Kingoreme au Kiikoma. Waachwe wabishane, na baadaye waandike kwa Kiswahili walichokubaliana. Kiini cha jambo ni kwamba mpira ulitoa kiasi kimoja kwa wote, kwa hiyo gari zito lilikuwa na kazi kubwa zaidi kwa chakula kilekile. Ilhali juu ya ubao kila gari liliinuliwa pamoja na uzito wake, na mkono ulioliinua ulilipa nguvu zaidi lile lililo zito. Gari zito lilikwisha kula zaidi kabla ya kuondoka. Mtoto akigundua hilo kwa ubishi wake mwenyewe hatalisahau. Akiambiwa, ataliandika daftarini na kulifuta kichwani siku ya mtihani ikipita.

Jambo moja latupasa kulisisitiza kuliko mengine yote. Alama zisitolewe kwa umbali peke yake. Nusu ya alama iwe ya daftari la vipimo, ambamo kikundi kimeandika kilichobadilishwa, sababu ya kukibadilisha na matokeo yake. Kikundi kilichobadilisha magurudumu, kikapaka nta ya mshumaa kwenye ekseli na kupunguza waya kwa siku moja, hata kama kimekwenda mbali, hakijui ni lipi kati ya hayo matatu lililosaidia. Kikundi kilichobadilisha jambo moja tu na kurudi nyuma kwa mita mbili kimejifunza. Pasipo sharti hilo tutakuwa tumewapa watoto mchezo mzuri na kuuita somo.

Kwa shule za Serengeti tungeongeza mfano ulio jirani. Mwaka 2018 wanasayansi waliokuwa wakichunguza nyumbu wa Botswana walitangaza kwamba misuli ya mnyama huyo hugeuza zaidi ya asilimia 60 ya nishati inayotumia kuwa kazi, kiwango kikubwa kuliko cha misuli ya ng'ombe, na kwamba nyumbu wale waliweza kutembea siku hadi tano bila kunywa maji. Injini za petroli za magari mengi hupata kati ya robo na theluthi tu. Nyingine yote hupotea kama joto. Mtoto wa Mugumu ambaye kila mwaka husikia habari za makundi ya nyumbu yakielekea Mto Mara ana haki ya kujua kwamba anaishi jirani na mshindi wa mashindano haya.

Kuna hatari ya mashindano ya magari kuwa shughuli ya wavulana, na wasichana wakapewa kazi ya kushangilia na kuandika matokeo kwa mwandiko mzuri. Tuikatae mapema kwa kuchanganya vikundi na kuzungusha kazi. Katika yale mashindano makubwa, kwa kuwa uzito ni adui, dereva aghalabu huchaguliwa miongoni mwa wenye umbo dogo, na mara nyingi huwa msichana. Lakini hilo bado si kuunda gari. Ukweli ni kwamba, katika wilaya zetu, mjuzi mkubwa wa kubana nishati ni msichana wa miaka kumi na miwili anayejua ni kuni ngapi zitaivisha maharage kabla mama hajarudi kutoka shambani, kwa sababu kuni hizo amezibeba yeye kichwani. Kwa hiyo twapendekeza shindano la pili lifuatane na la kwanza: kila kikundi, wavulana na wasichana, kipewe kilo moja ya kuni kavu na lita mbili za maji ya joto moja, kijenge jiko lake kwa mawe na udongo, na kuni zinazosalia maji yakichemka zipimwe kwenye mizani. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambako kuokota kuni ni suala la ugomvi na sheria, shindano hilo laweza kuwa na uzito kuliko lile la magari.

Tunayajua mapingamizi. Litakaloletwa kwanza ni mtihani. Twajibu kwamba mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unadai umahiri wa kutenda, na kwamba wastani, uwiano, vipimo vya urefu na uzito, nishati na msuguano ni mada zilizomo. Vipindi vinne vikitumika hivyo havikuibwa popote. Wengine husema mashindano huwaaibisha wanyonge. Hilo ni kweli pale ambapo mwanafunzi hushindana peke yake na matokeo yakasomwa paredi. Tuwashindanishe vikundi, na pawe na zawadi kwa kikundi kilichoongeza umbali wake chenyewe kwa kiasi kikubwa kuliko vyote. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba mzazi mwenye uwezo atanunua magurudumu ya gari la dukani. Ndiyo maana tumesema vitu vya kuokota tu, na mwalimu asione haya kulikataa gari linalong'aa.

Kuhusu ngazi za juu, shule za sekondari tayari zina maonyesho ya Young Scientists Tanzania, ambako wanafunzi huleta kazi zao za utafiti. Shule za msingi zina UMITASHUMTA, ambayo ndani ya jina lake limo neno taaluma, lakini wengi wetu tuitajapo hufikiria mpira na mbio. Si vigumu kwa kata moja kujaribu, siku ileile ya riadha, kwenye uwanja uleule, na vigingi viwili.

Wanachuo watakaopangiwa shule za wilaya hizi wajiandae kabla ya kuondoka chuoni. Futi kamba ya mita 20 au zaidi iazimwe, kwa maana shule nyingi hazina, na kamba yenye mafundo kila mita itafaa ikikosekana. Mikanda ya mpira ikatwe kutoka tyubu moja, kwa upana mmoja, na itunzwe kivulini. Mpira uliochomwa na jua wiki nzima hauvuti kama ulivyovuta mwanzoni, na watoto wataligundua hilo kabla ya mwalimu.