Wacheni kuzima redio ndio muongeze mkondo

Wasee wa redio za mtandaoni, tuambiane ukweli. Juzi nilikuwa hewani na wasikilizaji 43. Nikataka kuongeza mkondo mwepesi wa kbps 32, juu saa moja ya kbps 128 inakula karibu MB 58, na ule mwepesi MB 14 tu. Mtu wa bando ya mia anajua hiyo tofauti.

Fundi akaniambia lazima nizime, nibadilishe skripti, niwashe tena. Nikazima. Walirudi tisa.

Na haikuwa lazima! Liquidsoap ni programu huria, ilianzishwa na wanafunzi Ufaransa. Unaandika mapema funksheni ya kuunda output.icecast mpya, unaiita kwa telnet redio ikiendelea kucheza. Ukimaliza, unaifunga huo mkondo peke yake. Chunga tu CPU, kila mkondo una enkoda yake.

Utasema kuzima ni sekunde kumi tu. Kwako. Msikilizaji akikatiwa ngoma katikati, ashaenda kwingine.

Mimi niliacha chuo, lakini maelezo ya bure nasoma. Nawe fundi unayelipwa, kwani unangoja nini?