UKURASA WA JIKO NA AFYA: Kombucha kwa Anayepunguza Sukari



Swali lililoufikia ukurasa huu kwa wingi mwaka huu kupita mengine yote ni hili: je, mtu aliyeambiwa na daktari apunguze sukari anaweza kunywa kombucha? Limeulizwa na binti anayemtunza mama yake hapa North Buffalo, limeulizwa na mzee wa Columbus, na kule Louisville limekuja kwa njia ya ubishi, maana mashemeji wawili hawakubaliani. Mmoja anasema ni dawa, wa pili anasema ni pombe. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini hakuna aliyegusa habari ya sukari, nayo ndiyo iliyoulizwa.

Tuanze na kitu chenyewe. Kombucha ni chai ya rangi iliyotiwa sukari, ikapozwa, ikawekewa utando mnene unaoteleza, kisha ikaachwa wiki moja au mbili ichache. Ndani ya utando huo mna hamira na bakteria. Hamira hula sukari na kutoa kileo kidogo pamoja na gesi. Bakteria nao hukigeuza kile kileo kuwa asidi ya jamii ya siki. Kwa aliyekulia kwenye togwa, munkoyo au maziwa ya mgando hakuna ajabu hapo. Ni kuchachua tu, kazi ambayo bibi zetu waliifanya bila kufungua kitabu.

Sasa hesabu. Kanuni ya kawaida ya nyumbani ni kikombe kimoja cha sukari, yaani kama gramu 200, kwa galoni moja ya maji, ambayo ni karibu lita 4. Maana yake glasi moja ya mililita 240 huanza na gramu 12 hivi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 4, kwa hiyo glasi hiyo, kabla haijachacha, ina vijiko vitatu: sawasawa na kikombe cha chai tunachomkaribishia mgeni! Baada ya kuchacha sukari hupungua, lakini haiishi. Imebaki kiasi gani? Hutegemea siku ulizoiacha na joto la jiko lako. Louisville mwezi wa Julai mtungi huchacha upesi. Hapa kwetu Januari, dirisha limeganda barafu na jiko baridi, hamira husinzia, na siku kumi zikipita unaweza kuwa bado na chai tamu yenye gesi kidogo. Ndiyo sababu hesabu ya dada yako wa Louisville haikufai wewe wa Hertel Avenue.

Wala ulimi hausaidii sana. Uchachu huficha utamu, kama ndimu inavyouficha kwenye maji ya matunda; mtu huonja, hukunja uso, kisha husema, "Hii haina sukari." Inayo.

Ya dukani ina nafuu moja, nayo ni maandishi. Tangu mwaka 2020 kwa kampuni kubwa, na 2021 kwa ndogo, sheria ya Marekani inadai lebo ionyeshe sukari iliyoongezwa kwenye mstari wake, chini ya jumla ya sukari. Kwa kombucha soma ule mstari wa jumla. Ziko chupa za aunsi 16 zenye sukari chini ya gramu 10, na ziko zinazokaribia 20, hasa zilizotiwa maji ya embe au nanasi. Tazama pia kama hesabu iliyoandikwa ni ya chupa nzima au ya nusu chupa. Wajukuu wanaosoma Kiingereza haraka wapewe kazi hii dukani. Wataipenda kuliko kusukuma kigari.

Chama cha moyo cha Marekani kinashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku kwa mwanamke na 36 kwa mwanamume. Mgonjwa wa kisukari hupewa hesabu yake na daktari, nayo huingiza wanga wote, si sukari peke yake. Ugali na wali haviponi. Lakini chukua hiyo 25 kama kipimo cha jiko. Mama anayekunywa vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, amekwisha kutumia 24. Ukimpa na chupa ya kombucha ya gramu 14 kwa kuwa "ni nzuri kwa tumbo," amefika 38. Mpe chupa hiyo hiyo nusu, badala ya kikombe kimoja cha chai, naye atabaki kwenye 19. Kinywaji ni kilekile, jibu ni tofauti.

Kwa hiyo jibu langu kwa binti wa North Buffalo ni ndiyo, kikiingia badala ya kitu na si juu ya kitu. Hapo ndipo kombucha inapoleta faida ya kweli. Kopo la Coca-Cola la aunsi 12 lina gramu 39 za sukari. Vijana wetu wa hapa wamezoea loganberry, ile nyekundu yenye asili ya Crystal Beach ng'ambo ya ziwa, na wa Kentucky wana Ale-8-One yao inayowakumbusha Stoney Tangawizi ya nyumbani. Mtu wa kopo moja kila siku akihamia nusu chupa ya kombucha ya gramu 6 au 7 amefanya jambo kubwa. Aliyekuwa akinywa maji matupu, au chai ya rangi bila sukari, hana sababu ya kuhama.

Na togwa? Wapo wanaosema turudi kwenye vya kwetu. Naunga mkono, kwa tahadhari. Togwa haitiwi sukari, lakini kimea cha ulezi huugeuza wanga wa uji kuwa sukari, ndiyo maana ni tamu. Kwa mtoto ni chakula kizuri. Kwa mgonjwa wa kisukari bakuli la togwa ni uji, na lihesabiwe kama uji.

Nakuja sasa kwenye lile lililonisukuma kuandika. Nimesikia zaidi ya mara moja habari ya mzee aliyeacha vidonge vyake vya metformin kwa sababu mtu alimwambia kombucha inashusha sukari. Maneno hayo yana chanzo. Mwaka 2023 watafiti wa Georgetown na wenzao walichapisha jaribio ambamo wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walikunywa mililita 240 za kombucha kila siku kwa wiki nne, na wastani wa sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ukashuka kutoka 164 hadi 116. Habari njema, sivyo? Ila walikuwa watu 12 tu. Watu 12 ni meza moja ya harusi zetu, tena meza isiyojaa. Watafiti wenyewe waliliita jaribio la mwanzo. Hakuna daktari atakayekwambia uache kidonge kwa ushahidi wa meza moja, na macho na figo za mzee hazingojei utafiti wa pili.

Fauka ya hayo, wengine wasiiguse bila kumwuliza daktari: wajawazito, wenye figo au ini dhaifu, na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua. Mwaka 1995 kule Iowa wanawake wawili waliokuwa wakinywa ya kutengeneza nyumbani waliugua vibaya, damu zao zikajaa asidi, na mmoja akafariki. Haikuthibitishwa kuwa kombucha ndiyo iliyomuua, lakini wakuu wa afya walitoa tahadhari, na wakasema aunsi 4 kwa siku huenda zisimdhuru mtu mwenye afya. Kipimo hicho, nusu glasi, kinatufaa hata leo. Na utumie mtungi wa kioo: asidi huweza kutoa risasi kwenye rangi ya vyungu vya kung'arishwa.

Kwa shemeji wa pombe: serikali ya hapa hukihesabu kinywaji kuwa cha kileo kinapofika nusu ya asilimia moja, na mwaka 2010 maduka ya Whole Foods yaliondoa kombucha rafuni kwa sababu hiyo. Ya nyumbani, hasa ikitiwa maji ya matunda na kufungwa chupani, huweza kupita hapo. Nyumba isiyoruhusu kileo, kwa dini au kwa ahadi, iachane na ya mtungi. Sina zaidi katika hilo.

Jambo moja la haraka, liandikwe na kubandikwa jokofuni. Bibi anayechoma insulini akianza kutetemeka na kutoka jasho, kipimo chini ya 70, asipewe kombucha eti kwa kuwa ina sukari. Apewe nusu kikombe cha maji ya machungwa au gramu 15 za sukari, apimwe tena baada ya dakika 15.

Anayetaka kujua mwili wake unavyopokea kombucha ajipime kabla ya kunywa na saa mbili baadaye, siku tatu, kwa kipimo kilekile cha kinywaji, amwonyeshe daktari namba hizo. Waliouliza kuhusu mursik na maziwa ya mgando, barua zenu zimefika. Watajibiwa katika kitabu cha mwakani.