Wepesi wa Bien na Kiswahili kinachovuka mpaka bila kuamrishwa

Msanii wa Kenya Bien-Aimé Baraza, anayefahamika kwa mashabiki kwa jina moja tu la Bien, alitoa mwezi Novemba 2023 albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Alusa Why Are You Topless? Ilitoka mwezi uleule ambapo kundi lake la Sauti Sol liliwaaga mashabiki jijini Nairobi, baada ya takriban miaka 18 ya kuimba pamoja.

Kwa wasikilizaji wa Kwapa, wilayani Tororo, na wa miji ya mpakani ya Malaba na Busia, sauti hiyo si ngeni. Swali ni je, wepesi unaopendeza katika albamu hii unakifaa vipi Kiswahili upande wa Uganda, ambako lugha hii bado ni ya wachache?

Wepesi wenye kazi ndani yake

Jina la albamu ni swali ambalo mtu huulizwa nyumbani: Alusa, mbona uko kifua wazi? Alusa ni mojawapo ya majina ya Bien, na mara nyingi amepanda jukwaani bila shati. Ni desturi yake kujitania kabla hajataniwa. Mwaka 2021, akishirikiana na mpiga kinanda Aaron Rimbui, alitoa Bald Men Love Better, kazi iliyoufanya upara wake kuwa sifa ya mapenzi.

Hata hivyo, utani huo haupaswi kuchukuliwa kuwa ni uvivu wa fikra. Mwaka 2015 Sauti Sol, pamoja na Amos na Josh, waliimba Nerea, ambamo mwanamume anamsihi mwanamke asiitoe mimba. Mtu anaweza kuukubali au kuukataa msimamo wa wimbo huo, lakini jambo zito kama hilo lilipenya hadi katika magari ya abiria na maduka kwa sababu lilisemwa kwa upole.

Wimbo wake Inauma, uliovuma mwaka huo wa 2023, unafuata njia hiyohiyo. Neno lenyewe ni sentensi kamili, na ndilo ambalo mtoto humwambia mama anapojikwaa, au mgonjwa humwambia mganga. Mtunzi amelichukua neno hilo la kidonda na kulitumia kwa moyo uliovunjika, na halihitaji kamusi.

Lugha ya amri na lugha ya utani

Jambo hilo lina uzito wa pekee nchini Uganda. Kwa miongo mingi Waganda wengi walikisikia Kiswahili kutoka kwa askari: kambini, kwenye vizuizi vya barabarani, na kwa ukali zaidi wakati wa utawala wa Idi Amin. Wapo wazee ambao hadi leo wanaposikia Kiswahili hukumbuka amri kwanza, kisha salamu.

Serikali imejaribu kuibadili hali hiyo kwa maandishi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini azimio haliandiki vitabu wala haliwalipi walimu, na utekelezaji umekuwa wa kusuasua.

Muziki haukusubiri. Mwaka 2016 Sauti Sol waliimba na Bebe Cool wa Uganda wimbo Mbozi za Malwa. Malwa ni pombe ya wimbi ambayo Wateso wa pande zote mbili za mpaka huinywa wakiwa wameuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mwaka 2023 Bien alisikika tena katika toleo jipya la Nana, wimbo wa kijana wa Uganda Joshua Baraka. Katika kazi za namna hii Kiswahili huja kama mgeni anayeketi na wenyeji, hakiji kama askari.

Kinachopungua

Hata hivyo, albamu hii inatazama mbali kuliko Tororo. Jina lake ni la Kiingereza, na miongoni mwa walioalikwa ni Ayra Starr wa Nigeria. Kiswahili kimechanganywa na Kiingereza na Sheng ya Nairobi. Msanii anayetafuta soko la dunia halaumiwi kwa hilo, lakini hatari ipo: Kiswahili kinaweza kubaki kiungo cha mchuzi huku chakula chenyewe kikipikwa kwa lugha nyingine.

Aidha, wimbo hulizoesha sikio tu. Haumwezeshi mfanyabiashara mdogo kusoma tangazo la ushuru, wala mwanafunzi wa Kwapa kuandika insha. Hiyo ni kazi ya shule, na nyimbo zisigeuzwe kisingizio cha kuichelewesha.

Wakazi wa mpaka huu, kwa upande wao, si wapokeaji tu wa lugha kutoka Nairobi au pwani. Neno bodaboda lilianzia hapa, kwa waendesha baiskeli waliowavusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na leo linatumika Afrika Mashariki nzima. Hakuna waziri aliyeliagiza. Lilienea kwa sababu lilikuwa jepesi mdomoni na lilimfaa kila mtu. Mwalimu atakayepelekwa Kwapa atawakuta watoto ambao tayari wanaimba kwa Kiswahili. Kilichobaki ni serikali kumpeleka.