Acheni Kupiga Injini Presha

Kuna imani iliyokita mizizi kwenye sehemu za kuoshea magari, kwenye yadi na majumbani mwetu: kwamba injini inayong'aa ni injini nzima, na kwamba dawa ya kuing'arisha ni kuipulizia dizeli kisha kuipiga maji ya presha mpaka ionekane imetoka kiwandani jana. Imani hii ni ya uongo. Inawamaliza watu fedha, na inaendelea kuishi kwa sababu hasara yake huchelewa kujitokeza.

Tuanze na maji. Mashine ya presha ya kawaida husukuma maji kwa baa 100 na zaidi, ilhali bomba la nyumbani lina baa chache tu. Soketi za nyaya zilizo chini ya boneti zina mipira ya kuzuia maji, lakini nyingi zimeundwa kuhimili mvua na maji yanayoruka barabarani, si mchirizi mkali unaoelekezwa kwenye kila upenyo kutoka umbali wa shubiri moja. Najua nitakavyojibiwa: gari langu limepita madimbwi ya masika miaka yote na halijafa. Sawa. Maji ya dimbwi huruka kutoka chini, na hapo chini gari lina vikinga vyake. Presha inapigwa kutoka juu, boneti ikiwa wazi, mahali ambapo mtengenezaji hakutarajia mtu amwage maji kwa nguvu namna hiyo.

Chukua Toyota IST, gari lililojaa Dar es Salaam. Koili zake nne zimekaa juu ya injini, kila moja imezama kwenye shimo la plagi yake. Maji yakipita kwenye mpira wa koili hutuama shimoni, maana hayana pa kutokea. Kesho yake asubuhi gari linawaka kwa kutetemeka, linamisi, taa ya cheki injini inawaka. Mwenye gari anaambiwa koili imekufa, ananunua nyingine, na hakuna anayetaja kwamba jana injini ilioshwa. Altaneta nayo ina matundu ya kupitisha hewa. Tope na sabuni vikiingia humo hufika kwenye beringi na kaboni, na mlio wake utaanza kuusikia baada ya majuma kadhaa.

Kuchelewa huko ndiko kunakowadanganya watu. Shaba ndani ya soketi haiozi siku ile ile. Huanza kuota unga wa kijani polepole, hasa kwa sisi tunaoishi Tanga, Mombasa au Dar, ambako hewa yenyewe ina chumvi. Miezi inapita, sensa moja inaanza kutoa taarifa za uongo, gari linakunywa mafuta kuliko zamani, na lawama zinamwangukia fundi umeme wa mwisho aliyefungua boneti.

Kuhusu dizeli, mafuta ya taa na petroli, sina maneno laini. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi kali, sembuse kwenye joto la mchana wa Dar. Mafuta ya taa hutoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia takriban nyuzi 38 za Selsiasi. Dizeli tunayoiona ya upole hujiwakia yenyewe ikifika kama nyuzi 210, na bomba la ekzosi la gari lililotoka safari sasa hivi hulipita joto hilo. Hata moto usipotokea, mafuta haya yanadhuru mipira. Mipira mingi ya rejeta imetengenezwa kuvumilia maji na joto, haikutengenezwa kuvumilia mafuta. Ikiloweshwa nayo mara kwa mara huvimba na kulainika, na kisha hupasuka pale injini inapofanya kazi ngumu kuliko zote, labda ukiwa unapanda mlima wa Kitonga na familia ndani. Na mwacheni kwanza mwenye gari. Kijana anayepulizia dizeli hiyo bila barakoa anavuta ukungu wake kutwa nzima. Simlaumu yeye, anafanya anachoagizwa na sisi wateja.

Jambo linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni kwamba uchafu wa injini ni ushahidi, nasi tunalipia uoshwe. Fundi anayejua kazi huusoma kabla hajashika spana. Vumbi lililogandana na oili chini ya kifuniko cha tapeti linasema gasketi imechoka. Ukoko wa waridi kwenye maungio ya mpira wa rejeta ya Toyota unasema kulenti inavuja taratibu, hata kama hujaona tone sakafuni. Unga mweusi karibu na puli unasema mkanda unalika. Unyevu chini ya kikopo cha mafuta ya breki ni habari ya kushughulikiwa leo. Piga presha, na dalili zote hizo zinaondoka huku maradhi yamebaki pale pale.

Sisemi injini iachwe ioze. Majani yakijaa chini ya waipa huziba njia ya maji ya mvua, nayo huishia kuingia ndani ya gari. Vumbi na wadudu wakiziba mapezi ya rejeta, injini huchemka. Oili iliyovuja juu ya ekzosi ni hatari ya moto. Usafi unahitajika, na unaweza kuufanya nyumbani Jumamosi asubuhi bila mashine yoyote, ilimradi lengo liwe kuona injini, si kuipamba.

Gari lilale usiku kucha ili injini ipoe kabisa, kwa sababu maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua, na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ina kauri ndani inayovunjika upesi kwa mshtuko huo. Zima swichi, toa ufunguo. Kuchomoa hasi ya betri ni salama zaidi, lakini jua kwamba redio nyingi za magari yaliyotoka Japani zikikatiwa umeme hujifunga na kudai namba ya siri. Kwa kazi ya kitambaa chenye unyevu tu, kuzima kunatosha. Piga picha kwanza, kila pembe, ili ule ushahidi usipotee.

Baada ya hapo ondoa majani kwa mkono. Fagia vumbi kavu kwa brashi ya kupakia rangi; hatua hii peke yake hutoa sehemu kubwa ya uchafu. Kisha chukua kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya sabuni laini na kukamuliwa sawasawa, ufute plastiki, mipira na kifuniko cha injini. Penye oili iliyoganda, tumia mswaki mkuukuu na sabuni ya kuondoa grisi, kidogo kidogo, ukifuta kabla haijakauka. Kwenye vichwa vya betri vyenye unga mweupe, maji yenye magadi kidogo huua asidi. Vaa glavu na linda macho. Usisogeze maji kwenye altaneta, koili, kisanduku cha fyuzi wala ea klina. Gari likiwa la haibridi, kama Prius au Aqua, nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa, maana hubeba umeme wa mamia ya volti. Ukimaliza usipake mafuta ya kung'arisha. Yananasa vumbi upya, na yakidondokea mkanda utateleza.

Kazi hiyo inamaliza asubuhi nzima, na injini haitang'aa kama ya yadi. Lakini baada ya juma moja fungua boneti tena. Sehemu yoyote iliyolowa upya ndiyo inayovuja, na utamwonyesha fundi wako kwa kidole.

Na ukienda kununua gari, ukakuta injini inameremeta huku mazulia ya ndani yamejaa mchanga, usimsifu muuzaji. Mwambie unataka kuliendesha nusu saa, lipande mlima kama upo, kisha liegeshwe juu ya boksi lililokunjuliwa mkiwa mnaongea bei. Akikataa, ondoka.